Suzuki DR650SE baada ya kilomita 38,000 kati ya Tabora na Kigoma

Pikipiki ninayoizungumzia hapa niliinunua Tabora mjini ikiwa imekwisha kutembea kilomita 21,000 mikononi mwa mwenye nayo wa kwanza, na tangu siku hiyo nimeiongezea nyingine 38,000. Nyingi kati ya hizo ni za barabara ya kwenda Kigoma kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, ambako nina ndugu na ambako mimi na wenzangu watatu huenda kila likizo ya Juni na ya Desemba. Nyingine ni za Sikonge na Mpanda, na zilizobaki ni za Kasulu na Kibondo. Mimi ni mwalimu, si fundi, na karibu kila nitakachosema kuhusu matengenezo nimejifunza kwa kukifanya kwa mikono yangu, mara nyingi nikiwa mbali na gereji.

Wanaoniuliza kama pikipiki hii inafaa kwa safari ndefu huanza na kasi yake, nami huwaomba waanze na swali jingine: ikikuzimikia porini kati ya Kaliua na Malagarasi, saa tisa alasiri, ukiwa na spana chache na kopo la maji, utaweza kuiwasha? Kwa kipimo hicho sijapata kuendesha chombo kinachoishinda DR650SE, na ndiyo sababu ninayavumilia mambo kadhaa ambayo pikipiki nyingine za safari huyafanya vizuri zaidi.

Suzuki walianza kuitoa mwaka 1996, na kwa miaka mingi baada ya hapo hawakuigusa katika mambo ya msingi. Injini yake ni ya silinda moja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 644, hupozwa kwa hewa na oili, kwa hiyo haina rejeta, haina pampu ya maji wala mpira wa maji wa kupasuka njiani. Mafuta huingia kwa kabureta, gia ni tano, vali ni nne, na silinda hiyo moja ina plagi mbili. Uzito wake, tanki likiwa limejaa, ni kama kilo 166, jambo ambalo mtu haliwekei maanani dukani lakini hulikumbuka pikipiki inapolala kwenye mchanga na hakuna mpita njia wa kusaidia kuiinua. Mimi huiinua peke yangu: naipa mgongo, nashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, kisha nasukuma kwa miguu. Mwenzetu anayeendesha pikipiki kubwa ya silinda mbili hawezi kufanya hivyo bila kuita watu.

Urefu wake ndio unaowatisha wengi. Kiti kiko sentimita 88.5 kutoka ardhini, na mtu wa kimo cha kawaida hugusa chini kwa ncha za vidole tu. Kiwanda kimeliona hilo, kwa kuwa shokapu ya nyuma ina sehemu ya pili ya kufungia, na fimbo za mbele nazo zinaweza kushushwa, hata kiti kikapungua kama sentimita 4. Niliishusha mwaka wa kwanza, nikairudisha mwaka wa pili baada ya kugundua kwamba kwenye barabara ya udongo iliyokatwa na malori ya tumbaku urefu ule una maana yake, maana chini ya injini panabaki nafasi ya kutosha kupita juu ya tuta la katikati bila kulikwangua. Anayeanza aishushe bila kuona haya. Kugusa ardhi kwa nyayo zote mbili kunampa mtu utulivu, na kwenye mchanga utulivu unamsaidia kuliko urefu.

Barabara yenyewe ni ya zaidi ya kilomita 400, na sehemu kubwa sasa ni lami. Kutoka Tabora hadi Urambo na Kaliua pikipiki inakwenda kwa kilomita 80 hadi 90 kwa saa bila kulalamika, ikipunguza mwendo kwenye vijiji, ambako matuta na rasta ni vingi na watoto huvuka bila kutazama. Baada ya Kaliua nyumba hupungua, miombo huanza, na mtu anaweza kwenda kwa nusu saa asione ila wachoma mkaa na baiskeli zilizopakiwa madumu ya asali. Nilipopita mara ya mwisho, upande wa kati ya Malagarasi na Uvinza ulikuwa bado na vumbi na michepuko ya ujenzi, na hapo ndipo pikipiki hii ilipoonyesha ilitengenezwa kwa kazi gani. Tairi la mbele la inchi 21 hulipanda shimo badala ya kutumbukia ndani yake, na injini ina nguvu nyingi kwenye mzunguko wa chini, hivyo gia ya tatu inatosha kwa karibu kila kitu kuanzia mchanga mpaka kokoto. Kwenye udongo uliojikunja kama bati ni afadhali kusimama juu ya vikanyagio, kulegeza mikono na kuiacha icheze chini yako, kwa sababu anayekaa na kuukaza usukani huchoka kabla ya kilomita kumi.

Jambo la kupanga kwa makini ni mafuta. Tanki la kiwandani linachukua lita 13 tu, na pikipiki haina mshale wa kuonyesha kilichobaki. Mwendeshaji anahesabu kilomita kwa kile kidude cha kurudisha sifuri kila anapojaza. Mimi hupata kama kilomita 20 kwa lita nikienda kwa adabu, na chini ya hapo nikiwa na mzigo au nikipambana na upepo, kwa hiyo ikifika kilomita 200 naanza kutafuta kituo. Kwa njia ya Kigoma najaza Tabora, najaza tena Kaliua hata kama tanki liko nusu, kisha Uvinza. Nabeba pia dumu la chuma la lita 5 lililofungwa upande wa kushoto, mbali na ekzosi. Yapo matanki makubwa ya plastiki yanayotengenezwa kwa ajili ya pikipiki hii, na anayekwenda mbali zaidi yangu ningemshauri ayatafute, ila kwa njia zetu dumu linatosha.

Safari moja ya Desemba nilipuuza utaratibu wangu mwenyewe, nikapita Kaliua bila kujaza kwa sababu ya foleni, na kilomita nyingi mbele nikanunua petroli ya chupa kwenye kibanda kando ya barabara. Hatukwenda mbali. Injini ikaanza kukohoa, ikapoteza nguvu kwenye mlima mdogo, kisha ikazima. Tukaisogeza kwenye kivuli, nikafunga koki ya mafuta, nikalegeza skrubu ndogo iliyo chini ya bakuli la kabureta na kukinga kwa kifuniko cheupe cha chupa ya maji. Petroli ilitoka na rangi yake ya kawaida, na chini yake, kwenye sakafu ya kile kifuniko, yalikaa matone mawili matatu ya maji, meupe, ya mviringo, yakitembea kila nilipokiinamisha bila kuchanganyika na mafuta. Nilifungua koki kidogo, nikaacha mafuta yasukume kilichobaki, nikakinga mara nne mpaka kifuniko kikawa hakina tone. Nikafunga, nikabonyeza stata, ikawaka. Kazi nzima ilichukua muda usiozidi wa kunywa chai, na nilitumia bisibisi moja.

Tangu siku hiyo nimeongeza chujio dogo la mafuta la kuona kwa nje kati ya tanki na kabureta, na petroli ya chupa, ikibidi kuinunua, naimimina kwanza kwenye chombo kinachoonyesha ndani, naiacha itulie, halafu naiingiza polepole kupitia kitambaa safi, nikibakisha kiasi cha vidole viwili chini. Simlaumu mwenye kibanda. Chupa zile huoshwa, na hazikaushwi vizuri.

Cheni ndiyo inayodai muda wangu kuliko kitu kingine chochote, na hapa ndipo ninapowaona wenzangu wakipoteza fedha bila sababu. Cheni ya pikipiki hii ni ya saizi ya 525, yenye vipete vidogo vya mpira kati ya viungo ambavyo huitunza grisi iliyowekwa kiwandani. Petroli ni adui wa vipete hivyo. Nimewaona waendesha bodaboda wakiisugua cheni kwa petroli na brashi ya waya mpaka inang'aa, na kwa cheni zao za kawaida pengine haina madhara makubwa, lakini kwa cheni ya namna hii ni kuiua: mpira unakauka, grisi ya ndani inatoka, vumbi linaingia, na baada ya miezi michache viungo vinakaza kimoja kimoja. Mimi naiosha kwa mafuta ya taa na brashi laini ya meno, naifuta kwa kitambaa, naiacha ikauke, kisha naipaka oili nzito ya gia, ile ya namba 90 inayouzwa kwa ajili ya magari, kwa upande wa ndani wa cheni huku nikizungusha gurudumu kwa mkono. Naipaka jioni, baada ya safari, cheni ikiwa bado na joto, ili mpaka asubuhi iwe imeingia na isirushwe nje na mwendo. Kwenye vumbi jingi naipaka kidogo sana au siipaki kabisa mpaka nifike, maana oili na vumbi vikikutana huwa kama msasa.

Kukaza nako kuna kipimo. Cheni iliyokazwa kupita kiasi ni hatari kuliko iliyolegea, kwa sababu mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, unapopanda na kushuka, cheni inadai urefu, na isipoupata inavuta beringi za sproketi na shafti ya gia. Ipime ukiwa umekaa juu, au mwenzako akiwa amekaa, na uitafute ile sehemu yake iliyokaza zaidi kabla ya kuamua, kwani cheni iliyotumika hailegei sawasawa mzunguko mzima. Seti yangu ya kwanza ilifika kilomita 22,000 kabla ya meno ya sproketi ya nyuma kuanza kulala upande mmoja kama mawimbi, na nilibadilisha vyote vitatu kwa pamoja: cheni, sproketi ya mbele yenye meno 15 na ya nyuma yenye meno 42. Kuweka cheni mpya juu ya sproketi iliyochoka ni kuipeleka kaburini mapema.

Kuhusu magurudumu sina mengi, isipokuwa kwamba ni ya spoki na tyubu, mbele 90/90-21 na nyuma 120/90-17, na hivyo pancha inazibwa kwa njia ile ile inayojulikana kila kijiji. Mwiba wa mgunga ulinitoboa tairi la nyuma nje kidogo ya Kaliua asubuhi moja, na mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza baiskeli chini ya mti alitukaribisha kwa "Mwangaluka", akatuachia kivuli chake na beseni la maji. Spana za kuvulia tairi nilikuwa nazo, viraka nilikuwa navyo, ila pampu yake ilikuwa ya vali za baiskeli zetu, ambazo hazilingani na za pikipiki, na yangu ilikuwa imevunjika mpini. Mzee akatoa kwenye kopo la misumari kipande cha shaba cha kuunganishia, kimoja tu, akasema hukitunza kwa ajili ya bodaboda. Sasa nina viwili kama hicho kwenye mkoba wangu, na kimoja nitakupa tukikutana. Nabeba pia tyubu nzima ya inchi 21, kwa kuwa ya inchi 17 inaweza kupatikana kwenye miji midogo lakini ya 21 ni ya kubahatisha. Na ikibidi, tyubu ya 21 inaweza kukunjwa na kusaidia nyuma mpaka mji unaofuata, kwa mwendo wa pole.

Spoki nazipima kwa masikio. Kila jioni ya safari ya vumbi nachukua spana ndogo na kuzigonga moja moja nikizungusha gurudumu: iliyokaza hulia kama waya wa zeze, iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Ninazozikuta zimelegea huwa mbili au tatu za nyuma, na robo ya mzunguko wa nipo, ile nati ndogo ya spoki, hurudisha sauti yake. Anayeacha jambo hili kwa mwezi mzima wa barabara ya Kasulu atakuja kushangaa gurudumu linayumba.

Mawese yalinifundisha jambo ambalo sikulisoma katika kitabu chochote. Shangazi yangu wa Ujiji hawezi kuniacha niondoke mikono mitupu, na mwaka juzi alinifungia lita tatu za mawese kwenye dumu la plastiki, pamoja na mfuko wa dagaa wa Kibirizi. Nikaweka dumu kwenye mkoba wa kulia bila kufikiri kwamba ekzosi ya pikipiki hii iko upande huo huo wa kulia, na diski ya breki ya nyuma nayo iko upande huo. Joto la ekzosi lililainisha plastiki kidogo kidogo, mshono wa dumu ukaachia, na tulipofika karibu na Kidahwe nilikanyaga breki ya nyuma, nikahisi mguu ukienda wote bila pikipiki kupunguza mwendo. Breki ya mbele ilinisimamisha salama. Diski ilikuwa nyekundu, imepakwa mawese kama sahani ya maharage. Tuliosha diski na kalipa kwa maji ya moto na sabuni ya unga, mara tatu, nikatoa pedi na kuzisugua juu ya msasa uliolazwa kwenye jiwe bapa mpaka nikaona uso mpya wa kijivu, lakini pedi zilikuwa zimekwisha kunywa mafuta, na nilirudi Tabora nikitegemea breki ya mbele, kisha nikazitupa. Mizigo ya maji maji sasa inakaa kushoto, ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kuzungusha, na kwenye mkoba wa kulia siweki ila nguo. Anayefunga mikoba ya pembeni kwenye DR650SE atengeneze kwanza fremu ya chuma ya kuitenga na ekzosi. Mchomeleaji yeyote mwenye bomba la nusu inchi anaweza kuifanya kazi hiyo kwa siku moja.

Oili naibadilisha kila kilomita 4,000, mapema kuliko wengine, kwa sababu injini inayopozwa kwa hewa hufanya kazi kwenye joto kali na haina maji ya kuisaidia. Inaingia isiyofika lita tatu, na iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA kwenye kopo. Klachi ya pikipiki huogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili za magari zimetiwa dawa za kupunguza msuguano ambazo huifanya klachi iteleze. Injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki, na mtu anadhani sahani za klachi zimekwisha kumbe ni kopo alilochagua. Jambo la pili ni bolti ya kumwagia oili. Gereji moja, ambayo sitaitaja, iliikaza bolti hiyo kwa spana ndefu na kwa nguvu za mwili mzima, ikala uzi wa sehemu ya chini ya injini, ambayo ni ya alumini na ni laini. Nilitembea wiki tatu na tone moja jeusi chini ya pikipiki kila asubuhi kabla fundi mwingine hajaweka uzi mpya wa chuma. Kwa kazi hiyo tumia spana fupi, ikaze mpaka iwe imeshika vizuri, badilisha ile washa yake kila mara, kisha acha.

Fundi aliyeniokoa ni mzee wa Tabora ambaye amefanya kazi ya pikipiki tangu enzi za zile za mipigo miwili, na ndiye aliyenifundisha kupima vali. "Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, "hii haina haja ya kompyuta, ina haja ya subira tu." Injini iwe baridi kabisa, imelala usiku kucha. Plagi zitolewe, ili injini izunguke kwa urahisi, na izungushwe mpaka pistoni ifike juu kwenye mzunguko wa kubana, si ule wa kutoa moshi, kwa maana alama kwenye sumaku ni ile ile kwa yote mawili na anayechanganya atapima vali zilizofunguka. Kisha vile vibapa vyembamba vya chuma ambavyo mafundi huviita fila vipitishwe kati ya skrubu na kichwa cha vali: kwa vali za kuingizia nafasi ni milimita 0.08 hadi 0.13, na kwa za kutolea moshi 0.17 hadi 0.22. Kibapa kipite kwa kuvutavuta kidogo, kama unavyovuta karatasi iliyobanwa na kitabu. Skrubu inashikwa kwa bisibisi huku nati ikikazwa, na baada ya kukaza unapima tena, kwa sababu kukaza nako hubadilisha nafasi. Mara ya kwanza kazi hii ilinichukua asubuhi nzima; sasa ni saa moja na nusu. Naifanya kila kilomita 10,000, na siku ile ile nazitazama plagi zote mbili: rangi ya kahawia iliyopauka ni afya, nyeusi yenye masizi inanipeleka moja kwa moja kwenye chujio la hewa.

Chujio hilo ni la sponji, na kiangazi cha Tabora hulijaza vumbi jekundu kuliko mtu anavyodhani. Lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ulikamue bila kulisokota, ulianike kivulini, kisha ulipake oili kidogo na kulikamua tena mpaka liwe na unyevu usiodondoka. Sponji kavu hupitisha vumbi. Iliyolowa sana huinyima injini pumzi.

Kitu kimoja kinachomnyima mtu usingizi ni kwamba pikipiki hii haina kiki, na betri ikifa iko mikononi mwa wasukumaji. Tumeisukuma kwa gia ya pili ikawaka, ila injini kubwa ya silinda moja hubana sana na tairi huburuta kwenye mchanga, kwa hiyo usitegemee hilo ukiwa peke yako. Betri naibadilisha kabla haijaanza kuchoka, na nimeweka swichi ya kuzima taa kubwa ninapowasha. Taa yenyewe hutumia balbu ya H4, ile ile ya magari mengi, inayopatikana duka lolote la vipuri kuanzia Urambo mpaka Mwanga, Kigoma.

Kuhusu starehe nitasema wazi. Kiti chake ni chembamba na kigumu, na baada ya saa mbili mtu anatamani kushuka. Nimekishonesha upya kwa sponji nene na ngozi ya kondoo juu yake, na sasa nafika Kigoma nikitembea wima. Haina kioo cha upepo, na mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa unachosha shingo, licha ya kwamba injini inaweza. Mtetemo wa silinda moja hulegeza bolti za mikoba, za kioo na za kibao cha namba, hivyo kila asubuhi nazungukia pikipiki na spana namba 10 mkononi. Mwenye nia ya kupakia abiria kutoka hapa hadi Dar es Salaam atafute kitu kingine. Mwenzetu wa pikipiki ya silinda mbili hutupita kwenye lami akiwa ametulia kama yuko kwenye kochi, na sina wivu wa kulikanusha hilo. Lakini yeye ndiye aliyelala Uvinza usiku mbili, taa ya onyo ikiwaka, akisubiri mtu mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya injini aletwe kutoka mbali, na alipofika ikaonekana ni waya wa kihisi kimoja uliolegea.

Neno la mwisho kuhusu pori, kwa ajili ya wanaokuja mara ya kwanza. Mbung'o wa upande wa Malagarasi hufuata kitu kinachotembea, na huvutiwa na rangi ya buluu iliyoiva na nyeusi. Jaketi langu la kwanza lilikuwa jeusi, nikang'atwa kupitia kitambaa mgongoni na mabegani mpaka nikalivua. La sasa ni la kaki, na ingawa bado wanakuja, wanakuja wachache. Usisimame kwenye vichaka kurekebisha kitu kisicho cha lazima. Vumilia mpaka kwenye daraja la Malagarasi, ambako ni peupe na pana upepo, ndipo uvue glavu.

Vipuri vikubwa nimevipata kwa kuagiza, kwa kusubiri wiki tatu hadi sita, na ndiyo maana naagiza kabla kitu hakijafa. Kwenye sanduku langu wakati huu kuna waya wa klachi, lever mbili, plagi mbili, pedi za mbele na nyuma, chujio tatu za oili na seti mpya ya cheni yenye sproketi zake. Seti hiyo naifunga Jumamosi hii kwa fundi wangu, kwa sababu wiki inayofuata tunaelekea Mpanda kupitia Sikonge na Ipole, na sproketi ya nyuma imeanza tena kulaza meno.